Kamati inataka kupuliza dawa ya magugu maji kwenye lambo: samaki watapona?

Mshipi_Mwembamba:

Wakuu, naomba majibu ya watu wanaojua maji na dawa. Siasa za kijiji tumeziacha kijijini.

Lambo liko mkoa wa Simiyu. Likijaa lina ekari 6, kina cha wastani mita 1.5, katikati linafika mita 3. Magugu maji yamefunika kama theluthi mbili. Samaki waliomo ni sato, kambare na kamongo wachache. Wanaolitegemea ni wavuvi wa ndoano, ng'ombe wa vijiji viwili, na bustani za nyanya chini ya tuta zinazomwagiliwa kwa pampu. Pande zote zilizobaki ni pamba.

Pendekezo la kamati ni kuchanganya dawa mbili za kuua magugu, glaifoseti ya 480 na 2,4-D ya 720 (namba ni gramu za dawa kwa lita), kutumia mabomba ya mgongoni ya lita 16, na kumaliza lambo lote kwa siku mbili mwezi Septemba. Septemba imechaguliwa kwa sababu maji yakipungua wapulizaji watafika mbali kwa miguu.

Maswali yetu:
1. Samaki watakufa?
2. Wakipona, tukae siku ngapi kabla ya kuvua na kula?
3. Mazalia ya sato kwenye mafunjo yatabaki?
4. Kama dawa haifai, mbadala ni upi kwa ukubwa huo?

---

Kasia_Kavu:

Mkuu, kila mtu akisikia dawa anafikiria sumu. Kwa lambo lako sumu inakuja nafasi ya pili. Kitakachoua samaki ni kuoza. Hesabu hii ipelekeni kwenye kikao kama ilivyo.

Magugu maji yaliyosongamana vizuri hufika tani 300 mbichi kwa hekta, na yanaweza kuzidi. Theluthi mbili ya ekari 6 ni hekta 1.6. Hapo una karibu tani 480. Asilimia 95 ni maji, zinabaki tani 24 kavu. Chukua kaboni kuwa asilimia 40 ya ukavu, ni tani 9.6. Kila kilo ya kaboni ikioza hadi mwisho inakula kilo 2.67 za oksijeni. Jumla ya deni ni tani 25 na ushee.

Sasa angalia mfukoni mna nini. Hekta 2.4 kwa kina cha mita 1.5 ni mita za ujazo 36,000. Kwenye mwinuko wa kanda hiyo na joto la nyuzi 25, maji yaliyoshiba yana takriban gramu 7 za oksijeni kwa mita ya ujazo. Hizo ni kilo 250. Deni ni mara mia ya akiba! Hata ikioza sehemu moja tu ya kumi ndani ya mwezi wa kwanza, unadaiwa tani mbili na nusu na una robo tani. Upepo na mwani hurudisha kiasi kila siku, lakini chini ya zulia la magugu upepo haugusi maji na mwanga haupiti, kwa hiyo hata hiyo robo tani nimewapendelea.

Na hayo ni maji ya lambo lililojaa. Septemba gawanya kwa mbili, kisha ongeza joto, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo huku samaki wakihitaji zaidi. Kamati imechagua mwezi mbaya kuliko yote. Kama ni lazima kupuliza, ni Mei mwishoni au Juni, masika yakiwa yameisha na lambo limejaa.

Jinsi ya kupuliza bila kuua:

Ligawanyeni eneo la magugu mafungu manne au zaidi. Kila awamu fungu moja tu. Anzieni ukingoni mkisogea kuelekea maji ya wazi, kwa mistari, ili samaki wawe na njia ya kutoka. Wanaoanzia katikati kuja ukingoni huwafungia samaki kwenye kona.

Kati ya awamu na awamu lebo nyingi za dawa za majini husema siku 10 hadi 14. Kwa glaifoseti siku hizo ni chache. Majani huanza kugeuka manjano baada ya wiki moja au zaidi, mmea hufa wiki ya tatu au ya nne, ndipo kuoza kwenyewe kunashika kasi. Ukirudi siku ya 14 unaongeza deni jipya kabla la kwanza halijaanza kudaiwa. Subirini mpaka fungu la kwanza lizame, kisha pimeni.

Kipimo ni cha alfajiri, kabla jua halijachomoza, kwa sababu usiku kucha mimea na samaki wametumia oksijeni bila kuirudisha. Pimeni sentimita 30 chini ya uso na tena karibu na tope. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sitisheni. Sato huvumilia hata chini ya hapo kwa saa chache, lakini hali chakula, hakui, na ugonjwa unamkuta. Kipimo cha saa sita mchana kitawadanganya, mara nyingi huwa kizuri.

Hamna kifaa? Nendeni saa kumi na moja alfajiri mkaangalie uso wa maji. Sato wakipanga midomo juu wakihema, mmeshachelewa kiasi. Kambare na kamongo msiwatumie kama kipimo, wale wanavuta hewa ya juu.

---

Nozeli_Na3:

Nakubaliana na Kasia_Kavu kuhusu kuoza, ila dawa zenyewe nazo zina mambo yake, na mchanganyiko huo umepangwa na mtu wa shamba la mahindi.

Glaifoseti. Kiini chenyewe si kikali sana kwa samaki. Kibaya ni sabuni iliyochanganywa humo kiwandani ili dawa ishike jani. Bidhaa nyingi za mashambani zina sabuni aina ya POEA, ambayo kwa vifaranga vya samaki na viluwiluwi ni kali kuliko kiini, na ukali huongezeka maji yakiwa ya magadi na ya moto. Zipo glaifoseti zinazotengenezwa bila sabuni hiyo kwa ajili ya majini. Someni lebo. Kama haitaji matumizi ya majini, haifai kuingia lamboni, hata kama duka linasema ni ileile.

2,4-D. Inauzwa kwa aina mbili: kuna amini na kuna esta. Esta ni hatari zaidi kwa samaki, na joto la mchana huipandisha hewani ikatua kwenye pamba ya jirani. Neno hilo mkiliona kwenye chupa, irudisheni. Amini ni nafuu kwa samaki, lakini hebu tuangalie nyanya.

Tuseme mnaweka lita 3 za 720 kwa hekta, kiwango cha chini kwa magugu maji. Ni kilo 2.16 kwa hekta, karibu kilo 3.5 kwa hekta 1.6. Ikiingia yote kwenye mita za ujazo 36,000 na kuchanganyika sawasawa, mnapata karibu miligramu 0.1 kwa lita. Sasa lebo za 2,4-D za majini kule Marekani zinasema maji yasimwagiliwe mazao nyeti mpaka siku 21 zipite au kipimo kishuke chini ya 0.1. Yaani mko ukingoni kabisa hata mambo yakienda sawa. Na hayaendi sawa: pale pampu inapovutia maji, kina ni nusu mita, na chini ya eneo lililopulizwa kipimo kinafika 0.4. Nyanya itajikunja majani kama kamba. Kwa maji ya kunywa, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.03 kwa lita. Kama kuna kaya zinachota hapo, mjadala wa 2,4-D umeisha.

Pamba ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Matone yanayopeperushwa tu yanatosha kuiharibu. Na bomba lililowahi kubeba 2,4-D lisirudi kupulizia pamba wala nyanya, hata likioshwa. Litengeni, lipakeni rangi.

Kosa jingine la kila siku ni kupima kwa kifuniko. Jazeni lita 16 za maji matupu, puliza kwa mwendo wa kawaida, kisha pimeni eneo mlilolowesha. Likiwa mita za mraba 400, basi ni lita 400 kwa hekta, na lita 3 kwa hekta maana yake ni mililita 120 kwa bomba. Likiwa 250, ni mililita 75. Kila mpulizaji apimwe peke yake, maana miguu haifanani.

Maji ya kuchanganyia yasichotwe lamboni yakiwa na tope. Glaifoseti hung'ang'ania udongo na kufa nguvu hapohapo ndani ya bomba, magugu hayafi, halafu mtu anaongeza dozi mara mbili akidhani dawa ni feki. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huipunguza nguvu, dawa yake ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 320 kwa bomba la lita 16, iyeyushwe kwanza kabla ya dawa kuingia. Puliza majani yalowe bila kuchuruzika, kinachochuruzika ni cha samaki. Mvua ikinyesha ndani ya saa 6, kazi imeoshwa.

Swali la kula: glaifoseti na 2,4-D amini hazijikusanyi kwenye mafuta ya samaki kama zile sumu za zamani za jamii ya DDT. Lebo za glaifoseti za majini hazizuii uvuvi hata kidogo. Mimi bado ningeacha wiki mbili kwenye fungu lililopulizwa, kwa sababu mpulizaji wa kijijini hana kipimo cha kumhakikishia mtu kuwa dozi ilikuwa sahihi. Samaki aliyekutwa anaelea haliwi na hauzwi, awe amekufa kwa chochote. Na ng'ombe wazuiwe kula magugu yaliyonyauka.

---

Mwana_Mwalo:

Kuna upande wa soko na sheria ambao kamati zinausahau.

Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa viuatilifu. Viwanda vilisimama, bei ya sangara mialoni ikaporomoka, na aliyevua kwa nyavu halali aliumia sawa na mwenye sumu. Mnunuzi hatofautishi dawa ya magugu na dawa ya kuvulia. Akisikia samaki wameelea lamboni baada ya kupuliza, sato wenu hawauziki hata mnadani kwa miezi.

Kwa Tanzania, kumwaga kitu chenye sumu kwenye maji yenye samaki ni jambo la kuombea kibali. Dawa lazima iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa matumizi hayohayo, Bodi ya Maji ya Bonde ihusishwe, na afisa uvuvi wa wilaya ajue kwa maandishi. Ombeni kuona karatasi. Mara nyingi swali hilo peke yake hurudisha mjadala mwanzo.

Halafu msisahau kwamba ziwani kwenyewe magugu hayakushushwa na dawa. Wale mbawakavu wa Neochetina, wadudu wanaokula magugu maji, waliachiwa Uganda 1995, Kenya na Tanzania 1997. Mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yakasaidia kuvunja mazulia ambayo wadudu walishayadhoofisha. Lambo halina mawimbi, kwa hiyo wadudu peke yao watachukua miaka, siyo miezi. Lakini angalieni kama tayari wamo: makovu madogo ya kahawia juu ya jani kama limekwanguliwa na kucha, milimita chache, na mashina yenye vijishimo ndani. Mkiwakuta, kupuliza lambo lote ni kuchoma nyumba yao, na magugu yatakayoota upya yataota bila adui.

Na yataota. Mbegu hukaa kwenye tope hadi miaka 20.

---

Kulabu_Kubwa:

Jamani, ekari 4 za magugu ni za mikono, sielewi dawa imeingiaje.

Tani 480 zinatisha zikiandikwa. Watu 20, kila mmoja akitoa tani moja kwa siku, ni siku 24 za kazi. Ugumu uko kwenye kuyaleta ukingoni, kuyatoa ni rahisi. Chukueni kamba ya manila, fungeni madumu matupu ya lita 20 kila mita 2, mpate boya refu. Kateni zulia kwa panga vipande vya mita 3 kwa 3 kutoka kwenye mtumbwi, zungusheni kamba, subirini upepo uwasaidie kusukuma, kisha vuteni kuelekea sehemu moja yenye ukingo mgumu. Hapo reki za meno marefu na kulabu zinafanya kazi.

Rundo likae mita 10 au zaidi kutoka alama ya juu kabisa ya maji, upande ambao mvua haitarudisha maji yake lamboni. Nimeona mapendekezo ya kuyaacha ukingoni "yakauke": mvua ya kwanza inayarudisha, na yaliyo chini ya rundo yanakuwa bado mabichi. Changanyeni na samadi, geuzeni kila wiki mbili, miezi mitatu ni mboji. Msiyahamishie kijiji chenye lambo safi.

Kinachoua mpango huu ni mambo mawili. La kwanza, kichocho: konokono wanakaa kwenye mizizi hiyo, kwa hiyo mabuti ya mpira marefu na glavu, siyo kaptula. La pili, watu kuacha siku ya kumi wakiona maji. Mmea mmoja uliobaki huongezeka maradufu kwa wiki moja hadi mbili. Lazima kuwe na zamu ya kila wiki ya kuokota vichipukizi, angalau mwaka mzima.

Faida ambayo dawa haiwezi kuwapa ni kwamba mkiyatoa mnatoa na mbolea iliyomo. Mkiyaua majini, naitrojeni na fosforasi zote zinarudi kwenye maji, lambo linageuka kijani, na mwani huo nao unakula oksijeni usiku. Tope nalo linapanda, lambo linapungua kina.

---

Tampa_Baharia:

Huku Florida, Marekani, mgogoro huu una miaka. Magugu maji yaliingia mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye hidrila, gugu jingine linaloota chini ya maji. Wavuvi wa ndoano walilalamika mpaka Januari 2019 wakala wa jimbo unaosimamia samaki na wanyamapori ukasimamisha upulizaji ili usikilize watu, ukarejea Machi. Kupuliza hakukuisha. Kilichobadilika ni kwamba waliahidi mpango wa kila ziwa peke yake, kuangalia upya muda wa kupuliza, na kutumia mashine za kuvuna zaidi.

Hoja ya wakala ina nguvu moja ambayo sisi wavuvi hatupendi kuikubali: ukipuliza kidogo mapema na mara kwa mara, jumla ya dawa kwa mwaka ni ndogo, na kinachooza ni kidogo. Ukisubiri zulia lifunge ziwa ndipo upulize, unapata ile hesabu ya Kasia_Kavu. Hoja ya wavuvi nayo ni sahihi: mpulizaji hachagui mmea. Anapita na mimea ya asili ambayo samaki anajificha.

Kwenu hiyo ni swali la 3. Glaifoseti inaua mafunjo na matete pia. 2,4-D inaacha mafunjo kwa kiasi kikubwa lakini inaua yungiyungi. Mkichanganya zote mbili hakibaki kitu. Dume la sato huchimba kiota kwenye maji mafupi pembeni, na jike hubeba mayai mdomoni, akibanwa huyatema. Dai la kwanza mezani liwe ramani: mita 5 za ukingo wenye mafunjo zisiguswe na nozeli, zisafishwe kwa mkono tu.

---

Mshipi_Mwembamba:

Nimechukua hesabu za Kasia_Kavu na Nozeli_Na3 neno kwa neno. Mwelekeo wetu ni kupendekeza kazi ya mikono kuanzia Juni, na dawa iwe glaifoseti ya majini peke yake, kwa mabaki ambayo mtumbwi hauyafikii, bila 2,4-D. Kuna wajumbe watapinga, na kuna uwezekano mtu akapuliza kimyakimya. Tukikuta samaki wanaelea, tutajuaje ni oksijeni au ni sumu?

---

Kasia_Kavu:

Angalieni saa na ukubwa. Oksijeni huua usiku wa manane hadi alfajiri, na wakubwa hutangulia. Wadogo hubaki wakihema juu na kambare wako hai. Maji huwa meusi au ya kahawia na yananuka yai bovu. Sumu haichagui saa, inachukua vifaranga na wakubwa pamoja, na vyura, kambare na wadudu wa majini nao wanalala.

Lakini mtu akipuliza lote, mtapata vyote viwili kwa wiki tofauti. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kupuliza.

---

Nozeli_Na3:

Na sampuli. Chupa ya kioo yenye rangi ya kahawia, lita moja, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, ijazwe hadi mdomoni pale samaki walipo, ya pili upande ambao hawajafa. Ziwekwe kwenye barafu gizani na zifike maabara ndani ya siku moja. Samaki awe yule anayekufa sasa hivi, aliyevimba hafai. Mfungeni kwenye karatasi ya alumini, barafu tena. Andikeni saa, mahali na joto la maji juu ya kila kimoja kabla hamjaondoka ukingoni. Mkimtafuta afisa uvuvi kwanza na sampuli baadaye, siku mbili zitakuwa zimeshapita.